Kuku Mwekundu Anavuka Daraja

Kuku Mwekundu aliungua tena, na Gradi akaungua pamoja naye, kwa sababu walikuwa wameshikana mikono.

"Pole, yaya," maneno yakatokea chini ya kioo cha telefone, yakimwita Gradi kaka mkubwa. "Mi niliruka mbele ya wakati."

"Haina neno," Gradi akaandika. "Tunaanza tena. Hop. Ngoja. Hop."

Alikuwa ameketi juu ya tofali nyuma ya nyumba yao, mtaani Musonoi, mchana kweupe, akicheka peke yake kama mtu anayetekenywa. Mchezo ule ulikuwa wa falme, majoka na wachawi, na watu wa kila mji waliuingia kwa telefone zao. Kila ufalme ulikuwa na mlinzi wa lango, na ni yeye aliyeamua lango liwe gumu kiasi gani. Gradi alikuwa mlinzi. Lango lake lilikuwa daraja la mbao zinazotikisika juu ya moto, na sifa zake zilifika mpaka Lubumbashi.

Ila sifa hazivushi mtu. Wapya waliungua mara mbili, wakaenda zao, na ufalme ukabaki na watu walewale. Gradi alipolilegeza daraja, rafiki yake Stany, jemadari wao, akanuna. "Sasa hata mbuzi inapita. Mi nabakia humu kufanya nini?"

Ndipo Kuku Mwekundu alipotokea, kibete mwenye sufuria kichwani badala ya kofia ya chuma. Hakuwahi kufungua sauti. Aliandika tu, polepole, na maswali yake yalikuwa ya kitoto: "Yaya, juu ya nini unapiga ule mutu? Alikukosea?" Mara nyingine alikatika katikati ya moto: "Ngojea, sombe inaungua." Gradi akajua huyu ni mtoto wa shule aliyeachiwa kisamvu jikoni na mama yake.

Kwa ajili ya mtoto huyo alivumbua kitu. Mbao ziliendelea kutikisika vilevile, moto uleule, lakini mtu anayeijua njia akaruhusiwa kumshika mpya mkono. Mmoja akianguka, wanaanguka wote wawili. Stany alijaribu, akaanguka na wageni wanne mfululizo, akacheka mpaka machozi. Kumvusha mwenzako kulikuwa kugumu kuliko kuvuka peke yako. Wenye nguvu wakapata kazi, wapya wakajaa.

"Na mutu akichelewa sana," Kuku aliuliza siku moja, "unamungojea mpaka wapi?"

"Mpaka avuke."

Hayo yalikuwa ya mchezo. Lango lililomnyima Gradi usingizi lilikuwa lingine. Alitaka kumwoa Shekina, na Jumamosi alikuwa anakwenda kwao kusikia jibu la mwisho. Mjomba wa Shekina, Tata Mechack, ndiye aliyesemea familia, na alitaka mbuzi wengi wa mahari kwa siku moja, wengi namna ambayo fundi wa pikipiki kama Gradi hawezi kuwafikisha pale hata akiuza mguu. Mtu pekee aliyeweza kumgeuza Tata Mechack ni dada yake, Mama Mbelu, mama wa Shekina, mjane anayeongoza sala za wamama parokiani. Lakini kwa desturi yao mwanamume hamtazami mama mkwe wala hasemi naye.

"Hata sauti yake sijawahi kusikia," Gradi alimlalamikia Shekina. "Atanijua namna gani?"

"Mama anajua kuchunguza batu," Shekina alijibu, akitazama pembeni ili asicheke. "We vaa tu shati ya muzuri."

Ijumaa alasiri ufalme wa Likasi ukawashambulia.

"Funga daraja, banakuya," Stany akapaza sauti ndani ya telefone.

Kuku Mwekundu alikuwa kwenye ubao wa katikati, sufuria imemwangukia machoni. "Funga, yaya," aliandika mwenyewe. "Mi nimezoea moto."

Gradi hakufunga. Alirudi mbio darajani, akamshika mkono. Hop. Ngoja. Hop. Kuku akafika ng'ambo, mara ya kwanza tangu azaliwe, akaanza kuzunguka na sufuria yake kama aliyepandwa na ngoma. Nyuma yake Likasi nzima ikavuka, ikachukua taji.

"Umetuuza juu ya kuku," Stany akasema, akakata.

Jumamosi Gradi aliketi sebuleni kwa kina Shekina na baba yake mdogo, ndani ya shati yake ya muzuri, jasho likimtiririka. Tata Mechack hakuzungusha maneno.

"Mbuzi ni zilezile, na ni zote leo. Mutoto yetu haiko ya bule."

Baba mdogo akakohoa. Gradi akatazama viatu vyake. Alikuwa amepoteza taji jana, na leo alikuwa anapoteza mke.

Nyuma ya pazia la jikoni mtu akasafisha koo. Gradi akainamisha kichwa upesi, kama inavyotakiwa.

"Mechack, ndugu yangu," ikasema sauti ya mwanamke, ya upole, ya kuongoza rozari. "Mbuzi zibakie zote. Lakini alete moja moja."

Tata Mechack akaligeukia pazia, mdomo wazi. "Moja moja? Na akichelewa sana, dada, tutamungojea mpaka wapi?"

"Mpaka avuke."

Mkono ukatokea chini ya pazia, ukasukuma sahani ya bukari, ugali wa kwao, na sombe. Harufu ya kuungua ikajaa sebule nzima.

"Na umuambie yaya pole," sauti ikaongeza. "Imeungua tena."