Kidole cha Pelagia

"Usiniguse, dada. Nikiinua kidole, mtumbwi unazama."

Pelagia alisema hivyo bila kunitazama. Nilikuwa nimefika kwake Mwisenge, kando ya ziwa, kuchukua simu ya utafiti tuliyokuwa tumemwachia. Tulitaka kujua kama mchezo wa simu unaweza kumtuliza mtu mwenye huzuni. Mchezo wake ulikuwa wa kuushikilia kwa kidole mtumbwi mdogo usizamishwe na mawimbi. Wenzangu waliomchagulia hawakujua kwamba mumewe alipotelea ziwani, na mpaka leo mwili haujapatikana.

Ncha ya kidole chake ilikuwa imechubuka. Damu kidogo ilikuwa imekauka kwenye kioo.

"Utafiti umeisha, mama," nilinong'ona.

"Ninyi watu wa chuo mnakuwaga na haraka! Amebakiza kidogo tu afike. Haya, nishikie."

Niliweka kidole changu kando ya chake. Yeye akakitoa chake, akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kumpokea."

Mlango wa nyuma, ule unaotazama ziwa, ukafunguka. Nilijua napaswa kukimbia nimshike.

Kidole changu kikagoma kuinuka.