Uzito wa Slaidi za Baba

Katika picha ya kwanza ya slaidi za mkwe wangu, kwenye bega lake palikuwa na mkono. Mkono upo, mwenye mkono hayupo.

Slaidi hizo alizitengeneza mwenyewe kwa sherehe yake ya kustaafu. Faili likawa kubwa mno, barua pepe ikalikataa, ndipo akamwomba binti yake, mjukuu wangu, alipunguze.

"Kitendawili, mke mwenzangu," nikamtania. "Nimeikata, na bado ni nzito vile vile."

"Picha, Bibi! Ukiikata humu, kipande hakiendi popote. Kinajificha tu mpaka uiambie kompyuta ikifute."

Akavuta ukingo wa picha ile. Mama yake akatokea pembeni anacheka, na kidole chake kina plasta, maana hakuwahi kumenya kitunguu bila kujikata.

Tangu tumzike binti yangu, hatukubaki na picha yake hata moja. Mkwe wangu alituambia zote zilipotea pamoja na simu yake.

Mjukuu wangu akavuta ya pili. Yumo. Akavuta ya tatu. Yumo, tena anatutazama.

Simu ikaita. Akaiweka sauti ya juu.

"Bado tu, mama?" baba yake akauliza. "Lipunguze ulitume, watu wa ukumbi wananisubiri."

Mshale ulikuwa umesimama juu ya maneno "Futa vilivyokatwa". Mjukuu wangu akaondoa mkono kwenye kipanya, akaukalia.

"Baba," akasema, "uzito wote huu ni Mama."