Tundu la Tatu

Kaulimi ka ndani ya tundu kalikuwa kamevunjika tena, upande uleule.

Saad aliweka chini kioo cha kukuzia, akafikicha macho. Mara mbili wiki hii alikuwa amebadilisha tundu la chaji la simu hii moja, na sasa limerudi tena limekufa. Hapa sokoni Gakoromone watu wanaongea. Fundi akishaitwa mbovu, hata wauza viazi watapeleka simu zao kwingine.

Nje, kwenye benchi, mwanamke mzee, shosho Njoki, alikuwa ameketi na mkoba magotini. Mwanawe Antony, dereva wa lori za Moyale, humpigia kila Jumapili. Jumapili iliyopita hakupiga. Basi shosho ameshuka mwenyewe kutoka Githongo na mkaza mwanawe, Lorna, akisema leo haondoki mpaka simu iwake.

Saad alitoka akamwelekeza polepole, namna ya kuingiza waya bila kuulazimisha.

"Hata sijawahi kuushika, mwanangu," shosho akasema. "Lorna ndiye hunichajia."

Saad akarudi kwenye kioo. Sasa akaiona mikwaruzo, myembamba, kama ya sindano. Tundu halikuwa limechakaa. Lilikuwa limechokolewa.

Akamwita Lorna ndani, kana kwamba ana kitu cha kumwonyesha. Lorna aliingia akiburuta miguu, mtoto mgongoni, macho yamevimba kama ya mtu asiyelala siku nyingi.

"Huyu mama amekukosea nini?" Saad akauliza kwa sauti ya chini. "Si umwache aongee na mwanawe? Na mimi unaniharibia jina."

Lorna hakukana. Alichungulia mlangoni kuona kama shosho anasikia, akakaza leso ya mtoto.

"Kwetu mama haambiwi msiba kwa simu," akasema. "Huambiwa na kaka yake, nyumbani, watu wakiwa wamekaa. Kaka yake mama anafika kesho. Lakini madereva wenzake Antony wana namba ya mama, na kila mmoja anataka kumpa pole."

Saad akatoka, simu mkononi, akachutama mbele ya benchi.

"Nisamehe, shosho," akasema. "Mkono wangu ni mbovu. Hii simu imenishinda."