Honi ya Volti Sita

Fundi Mbwiga alikwisha kufunga betri mpya ya volti kumi na mbili, na taa za gari la zamani la marehemu zikawaka pee. Aliposhika honi aing'oe, mjane, Bi Zuhena, akamzuia.

"Hiyo iachie betri yake ya zamani."

"Mama, betri mbili gari moja? Na hii ya volti sita inalia kama ina mafua."

"Ndivyo mume wangu alivyokuwa akinipigia nimfungulie, kila jioni akirudi."

Fundi akaivutia honi waya wake peke yake kutoka betri ya zamani.

"Nijaribu?"

"Ngoja kwanza."

Bi Zuhena akaingia ndani, akafunga mlango, akabandika chai. "Haya!"

Honi ikalia, na mafua yake. Akakimbilia mlangoni, akashika komeo. Hakufungua.

"Piga tena," alisema.