Kifyatu Agoma Kufa

Kifyatu alivishwa ndoo kichwani, akaambiwa ajiandae kufa.

Ndoo hiyo ilikuwa kofia ya angani. Anayesema ndani yake husikika redioni kana kwamba yuko katika ombwe, baina ya nyota na nyota. Nahodha wa chombo cha angani alikuwa na kiti kilichokuwa kikilia kwa madaha kila alipojigeuza. Fundi wa Vishindo alikuwa na mabati, kokoto na mtungi. Kifyatu, kijana mtovu wa adabu asiyekuwa na kazi yoyote chomboni ila kubonyeza vitufe alivyokatazwa, alikuwa na ndoo.

"Ukurasa wa mwisho," spika ya ukutani ilikoroma. "Kifyatu anatumbukia katika Shimo Jeusi. Ukelele mmoja tu, tena mfupi."

Aliyesema ni Mtayarishaji mpya, aliyekaa chumba cha juu na kuwajua wote kwa masikio tu. Hakuwa amewahi kushuka. Studio ile huingiwa bila viatu, na soksi zake zilikuwa zimetoboka.

"Kosa langu nini?" Kifyatu aliuliza ndani ya ndoo.

"Sauti yako imeanza kukwaruza. Nawajua watoto wa rika lako: leo zumari, kesho debe. Nitatafuta mwingine, mdogo zaidi."

Nahodha alifumbua kinywa, akakifumba. Sheria ya pale ilikuwa moja: avukaye mlango huacha nje viatu, jina na undugu, na huitwa kwa nafasi yake chomboni, basi. Ilitungwa siku Fundi alipomwita Nahodha "shemeji" katikati ya vita na majoka ya Zohali, watoto wakapiga simu juma zima wakitaka kujua nani kamwoa nani.

Pembeni aliketi mwanamke aliyemleta Kifyatu, mkoba magotini: sweta, chupa ya maziwa ya vuguvugu, nguo ya akiba.

"Kabla hatujatoka, ulikwenda msalani?" alinong'ona.

"Usiniaibishe mbele za watu!"

"Nakuuliza tu."

"Nilikwenda!"

Ndoo ilizizima kwa uchungu. Nyumbani kila kitu kilikuwa marufuku: sukari, ngazi, jiko, hata kuufungua mlango ukibishwa hodi. Kifyatu alichaguliwa nguo, akakatiwa nyama vipande vidogo vidogo, akalazwa kabla ya taarifa ya habari. Duniani kote palikuwa mahali pamoja tu ambapo angeweza kubonyeza kitufe, akatukana jitu lenye macho tisa, na asiambiwe, "Kaa chini, utaanguka." Napo ndipo hapa. Leo walitaka kupazika.

Taa nyekundu iliwaka. Kipindi kilikuwa hewani, moja kwa moja.

"Kifyatu, shika kamba!" Nahodha alipaza sauti, na kiti chake kikalia kwa huzuni ya kweli. Fundi akapuliza mdomo wa mtungi: vuuuu. Shimo Jeusi likawadia.

Hapo ndipo palipoandikwa ukelele. Kifyatu akavuta pumzi.

"Wee Shimo! Kinywa wazi hivyo mbele za watu, umelelewa na nani?"

Fundi alishtuka, pumzi ikamkatika. Watoto wote waliokuwa wakisikiliza wakasikia Shimo Jeusi likinyamaza kwa haya.

"Ehe! Umejua kufunga mdomo, kumbe. Haya, iteme ile nyota uliyoimeza jana. Si yako."

Spika ilikohoa. Fundi, aliyekwisha kuingia majini na sasa hana budi kuoga, aliangusha kokoto juu ya bati. Ting.

"Na nyingine. Usinikazie macho."

Ting.

Nahodha aliiweka karatasi yake sakafuni. "Kifyatu, hebu liulize kama limeuona ufunguo wangu wa akiba. Tangu tupite Mirihi siupati."

"Umesikia, mlafi? Ufunguo wa watu!"

Fundi alijipapasa mifukoni, akatoa funguo za nyumbani kwake, akazibwaga zote juu ya bati kwa kishindo.

"Sasa omba radhi, unawe, ukalale," alisema Kifyatu. "Na nikikuta tena umeachama njiani, nitakushona!" Sauti ilikwaruza kweli kwenye neno la mwisho, ikapanda, ikapasuka katikati kama jogoo aliyepaliwa. Chumba cha juu simu zikaanza kulia, zote kwa pamoja.

Taa ilizimika. Zikasikika nyayo zikishuka ngazi, kisha zikasita mlangoni, viatu vikavuliwa.

Mtayarishaji aliingia, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi, mkataba mkononi.

"Watoto wanataka Shimo lirudi wiki ijayo likaripiwe tena," alisema, jasho likimtiririka. "Wengine wanalia kwa kucheka. Kifyatu haendi popote. Namwandikia miaka mitano, na hiyo sauti mbovu asiitibu!"

Ndani ya ndoo kilisikika kicheko chembamba chenye mluzi wa pengo. Mtayarishaji aliitazama ile ndoo, akalitazama umbo dogo lililokuwa chini yake, limefunikwa sweta hadi vidoleni, miguu ikining'inia kitini bila kufika sakafuni. Akalainika.

"Ila sheria ni sheria," alisema kwa upole. "Mtoto hatii sahihi mkataba." Akamgeukia mwanamke wa pembeni, akamnyoshea kalamu. "Wewe ndiwe mzazi wake?"

"Hapana, bosi," alijibu mwanamke, akiupitisha mrija wa maziwa chini ya ukingo wa ndoo. "Mimi ni kitindamimba wake, na mwakani nastaafu."