Nafasi ya Mlimau

Miaka hiyo huko Makete, msimu wa baridi ulipoingia, chumba chenye joto kiliruhusiwa kuwa na viumbe hai wanne tu, na mlimau uliozaa ulihesabiwa kama mtu. Nyumba yenye mti uzaao ilipata mgawo wa nyama mwaka mzima.

Kwa Lusajo walikuwa wanne tayari: yeye, mkewe Ambwene, binti yao mdogo, na mama yake, Bibi Sekela. Kwa hiyo kila mara mlimau wao ulipotolewa uani kuota jua, bibi aliyachuma maua yote ili usizae. Mwaka huo Ambwene alilifunika ua moja kwa kitambaa.

Mwezi Juni mkaguzi alifunua majani akakuta limau moja bichi.

“Mti unaingia ndani,” alisema. “Nani anatoka?”

Ambwene alimkumbatia mtoto. Bibi Sekela alimtazama mwanawe.

“Mwanangu, sema neno.”

Lusajo aliinama, akaubeba mlimau na chungu chake, akauingiza ndani.

“Kule jikoni kuna mkaa kidogo, mama,” alisema, akafunga mlango.

Bibi alizikwa kabla ya Agosti.

Septemba, walipoutoa mti uani, Ambwene alikuta chungu kingine kando ya ukuta, chenye mlimau mpya uliojaa maua. Ndani walikuwa wanne tena, mti ule ukiwemo. Alinyoosha mkono haraka ayachume.

“Yaache yazae,” mumewe alisema bila kumtazama. “Mtoto anapenda nyama.”