Kaburi Katikati ya Barabara

Method, mpimaji wa manispaa, alikuwa ameshachovya brashi kwenye rangi nyekundu ili aweke alama ya X, ndipo Marsela akaja na kukaa juu ya kaburi, palepale alama ilipotakiwa.

"Nipake mimi kwanza," alisema.

Method akarudi nyuma hatua mbili. Mama wa miaka sitini na nane hapakwi rangi mchana kweupe, mchoro useme utakavyosema.

Mchoro wenyewe ulikuwa mikononi mwa Evaline, afisa mipango miji. Ulionyesha Misunkumilo ya miaka ishirini ijayo: viwanja vya makazi, shule, soko, uwanja wa watoto kuchezea, na barabara yenye upana wa mita kumi na tano ikikata mashamba ya mahindi. Nyumba ya Marsela ilisalimika. Kaburi la mumewe ndilo lililoangukia katikati ya barabara.

"Mama, hatulitupi," Evaline alimbembeleza. "Tunamhamishia baba kwenye makaburi mapya ya mtaa. Jeneza jipya, padri atakuwepo, kila kitu tunashughulikia sisi."

"Makarius haendi popote."

Mtaa mzima ulimwelewa. Watu wa kwanza kununua viwanja pale walimkuta Marsela na kaburi lake, pori limewazunguka pande zote. Akiulizwa, alikuwa na jibu moja fupi: "Tulihama Mpimbwe wawili, hapa nikabaki peke yangu." Kwenye msalaba liliandikwa jina la mumewe na mwaka 2004, basi. Hakujaliwa mtoto. Simu yake ililia pale tu kampuni ya simu ilipomtumia matangazo. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja, akala akiangalia njia, na siku nyingine sauti pekee aliyoisikia tangu asubuhi ilikuwa yake mwenyewe akifukuza kuku. Tusimung'unye maneno: upweke ulikuwa unammaliza.

Isipokuwa siku moja kwa mwaka. Tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, wanajumuiya wenzake wa kanisani walifika na majembe na mishumaa. Walipalilia kaburi, wakasali, wakaimba, kisha wakakaa uani kula wali na kumtania kwa jinsi alivyowalazimisha kuongeza. Siku hiyo Marsela hakukaa chini hata dakika moja. Wakishaondoka, alibaki mlangoni mpaka sauti zao zipotee, halafu akaanza kuingoja Novemba nyingine.

Kwa hiyo Evaline hakuwa na moyo wa kuleta greda. Alikwenda kumwona mara tatu, na mara zote Marsela alitia ngumu. Mara ya tatu alimshika mkono.

"Mwanangu, pindisheni barabara. Ikishindikana, sawazisheni hapohapo, mpitishe lami juu yake. Mimi nitanyamaza. Ila msichimbe."

Evaline alirudi ofisini akilifikiria hilo. Mjane yuko radhi magari yapite juu ya mumewe, lakini hataki ahamishwe! Akaona ni uchungu tu, na uchungu hauna mantiki.

Hata hivyo, utaratibu ulikuwa utaratibu. Kaburi haliondolewi kabla ndugu hawajatangaziwa. Tangazo likabandikwa kwenye ofisi ya mtaa, na redio ya mjini ikalisoma wiki nzima, asubuhi na jioni: ndugu wa marehemu Makarius Erasmus, aliyezikwa Misunkumilo, wafike siku ya Jumatatu kwa ajili ya kumhamisha. Evaline alimwomba Mungu kwamba ajitokeze hata shemeji mmoja, au mpwa, wa kumtuliza mama wa watu.

Jumatatu wanajumuiya walifika mapema kumpa Marsela moyo. Akina mama walikaa naye, mmoja amemshika bega. Aliwakaribisha kwa sauti ndogo. Method na vibarua wawili walisimama pembeni na masururu yao, wamevua kofia.

Saa nne, bodaboda kutoka Kabungu ikasimama mbele ya nyumba. Akashuka mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, kifungo cha juu kimefungwa. Watu wakampisha. Hatimaye, walinong'onezana, ukoo umekumbuka.

Evaline akafungua fomu.

"Shikamoo, mzee. Karibu sana. Wewe na marehemu mna uhusiano gani?"

"Marahaba," mzee aliitikia. Alisogea hadi kwenye msalaba, akausoma taratibu, kidole kikifuata herufi moja moja. Kisha akamgeukia Marsela, aliyekuwa amejifunika uso kwa khanga.

"Najua nilikukosea, Marsela," alisema. "Lakini ndo mpaka unizike?"

Marsela aliishusha khanga.

"Nilikungoja kwanza miaka minne."